Mama wa Mapipa

Tangu walipoinuka mezani asubuhi ile, Fundi alikuwa hajasema maneno kumi, na Mwalimu alikuwa ameyahesabu. "Umefunga mlango?" mawili. "Tairi la nyuma liko sawa," matano. Yaliyobaki yalikuwa "ehee" na "mmh", na hayo hata mtu mwenye huruma hawezi kuyaita maneno.

Siku tatu za mwanzo mwanamume huyu alikuwa haishi kuongea. Alisimamisha gari kwa sababu ya daraja, kwa sababu ya mbuzi aliyelala katikati ya barabara kama mwenye hati ya kiwanja, kwa sababu ya bango la kinyozi ambalo mchoraji alimpa mteja masikio matatu. Leo, siku ya nne na ya mwisho, alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, macho mbele, mdomo umefungwa.

Mwalimu alikaa kiti cha abiria, roho juu. Miaka kumi na miwili ya kufundisha udereva katika chuo cha mjomba wake ilikuwa imempa ugonjwa mmoja: popote alipopakiwa, mguu wake wa kulia ulikanyaga breki isiyokuwepo. Leo ulikuwa umekanyaga mpaka zulia la gari limekunjamana.

"Unanikanyagia," alisema Fundi bila kugeuka.

"Sijakanyaga kitu."

"Nimesikia."

Neno moja, mawili. Aliyaongeza kwenye hesabu yake, akatazama nje ya dirisha ili asionekane macho.

Hofu yake ilikuwa na saa yake maalumu: saa kumi jioni. Muda huo walikuwa wanatazamiwa nyumbani kwa mama yake Fundi, kwenye mji wa mwisho kabla ya kufika kwao. Mama alikuwa ametaka kumwona. Hakusema zaidi ya hapo, na kwa mama mwenye mtoto mmoja tu wa kiume, maneno machache namna hiyo hayamletei mtu usingizi. Mwalimu alikuwa na miaka thelathini na tisa na talaka moja. Fundi alikuwa na thelathini na tatu, hajawahi kuoa, ana kazi safi ya kusaga vioo vya miwani katika duka kubwa, na uso ambao wasichana wa dukani waligombania kumpelekea chai. Shangazi yake Mwalimu alikuwa ameshamwambia bila kumung'unya: "Mwanangu, ukifika pale usikae karibu na dirisha. Mwanga hauna adabu."

Walikuwa wamependana miezi minane. Yeye alimfundisha gia na kona, yule akamfundisha kucheka tena. Fundi alipopata leseni, mara ya pili ya kujaribu, aliazima gari la tajiri yake akasema watembee siku nne, waone miji ambayo watu wa kwao huipita tu kwenye basi. Vyumba viwili kila walipolala, kama walivyoahidiana, na kila usiku waliagana barazani kwa muda ambao wahudumu wa nyumba ya wageni waliona umezidi.

Na leo, kimya. Mwalimu aliirudia asubuhi yote kichwani. Mezani walikuwa na wageni wengine: mzee na mkewe, na muuza dawa mmoja aliyekuwa akizunguka na sanduku lake. Mazungumzo yalikuwa mazuri. Muuza dawa alimwuliza ni mwanafunzi gani aliyewahi kumtoa jasho kuliko wote, naye akawasimulia kile kisa chake cha mama wa mapipa, mwanafunzi aliyeyagonga mapipa yote ya mazoezi, kisa ambacho hakijawahi kumwangusha. Mzee alicheka mpaka akapaliwa. Muuza dawa alipiga meza. Fundi peke yake aliinuka akasema anakwenda kutazama tairi.

*Ameniona*, aliwaza Mwalimu. *Ameniona nikicheka, mdomo wazi, mikunjo yote nje, akanikadiria miaka.*

Mji wa kwanza ulikuwa wa matofali. Tanuri zilifuka moshi pande zote mbili za barabara, na vumbi jekundu lilikuwa limetulia juu ya kila kitu, hadi kwenye kope za watu. Walishuka, wakanyoosha miguu. Kila walipokuwa wakishuka siku zilizopita, Fundi alikuwa akimshika mkono. Leo mikono yake ilikuwa mifukoni.

"Tusipite haraka," Mwalimu alisema. "Twende tukaone wanavyoyapanga."

"Saa tano hii."

"Kwani tuna haraka gani? Mpaka saa kumi."

Wakatazama matofali yakipangwa. Hakuna mtu aliyewahi kuyatazama matofali kwa makini namna ile. Mwalimu alimwuliza mchomaji wa tanuri maswali saba, yanachomwa siku ngapi, yanapoa siku ngapi, mvua ikinyesha inakuwaje, na mwanamume wa watu alimjibu yote huku akimwangalia Fundi kama anayeuliza, huyu mkeo ana nini?

Waliporudi kwenye gari, Mwalimu hakufungua mlango. Aliuegemea.

"Umebadili mawazo?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu mimi. Sema tu. Mimi si mtoto, na hilo nadhani ndilo lenyewe."

Fundi alimtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na macho yake yalikuwa mekundu. Inawezekana lilikuwa vumbi. Alimpanguzia Mwalimu vumbi begani kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayefuta kioo cha mteja.

"Nakupenda mpaka inanitia hofu," alisema. "Panda twende."

Ungedhani maneno kama hayo yatamtuliza mtu. Yalimzidishia. Mwanamume asiyekupenda unajua utamfanya nini. Huyu anayekupenda na bado anakuficha jambo, unaanzia wapi?

Mji wa pili ulikuwa wa maseremala. Mtaa mzima ulikuwa milango, makabati na vitanda vilivyopangwa nje mpaka pembeni mwa lami, na harufu ya mbao mbichi iliwapokea kabla hata hawajazima gari. Hapo Mwalimu alipata kisingizio kipya: zawadi ya mama mkwe. Aliokota trei ya mbao yenye mishikio, akaigeuza, akapitisha kiganja juu yake.

"Hii je? Ya kuwekea chai. Au ana yake? Mama yako anapenda vitu vya namna gani?"

"Iweke chini."

"Nzuri, tazama ilivyopigwa msasa…"

"Mwalimu. Iweke chini. Njoo tukae."

Palikuwa hapana pa kukaa isipokuwa ukingoni mwa kitanda kipya ambacho hakijapakwa rangi. Wakakaa. 

"Yule mama uliyewasimulia asubuhi," alisema Fundi. "Wa mapipa."

"Amefanya nini?"

"Alikuwa amevaa sweta."

Mwalimu alikunja uso. "Sikusema habari ya sweta."

"Ya kijani. Yenye vifungo vyeupe vikubwa."

Ilikuwa ya kijani. Aliiona pale pale, miaka sita nyuma, uwanjani chuoni, sweta ya kijani nyuma ya usukani ikienda moja kwa moja kwenye mapipa matatu ya mazoezi, la kwanza, la pili, la tatu, halafu na kiti cha mjomba. "Umeijuaje?"

"Niliinunua mimi," alisema Fundi. "Kwa mshahara wangu wa kwanza."

Seremala alitokea nyuma ya kabati, penseli sikioni, uso umejaa biashara. "Mnakijaribu? Jaribuni tu, msione haya! Cha maharusi hicho. Hakilii hata mkifanyaje."

"Asante, bwana," Fundi alisema. "Tutakuita."

Seremala alitazama nyuso zao, akarudi nyuma ya kabati lake bila kugeuka.

"Mama yako," Mwalimu alisema, na sauti yake, ile sauti ambayo madereva wa nusu ya mji wao waliisikia hata ndotoni, ilikuwa imekwisha. "Mama wa mapipa ni mama yako."

"Aliniambia aliacha kujifunza kwa sababu ya magoti. Wiki tatu zilizopita nilipomwambia nimepata mtu, na kwamba ni mwalimu wa udereva, akauliza, 'Chuo kipi?' Nikamwambia. Akauliza, 'Mwanamke mwenye sauti?' Nikacheka, nikasema ndiye. Akaingia chumbani akatoka na kadi yake ya mwanafunzi. Kuna saini yako pale, Mwalimu. Na maneno uliyoandika."

Mwalimu hakuhitaji kukumbushwa. Maneno yale alikuwa anayasema kila mwaka, kwa vicheko, kwa kila mwanafunzi mpya aliyeogopa. *Hana akili ya barabara. Asipotezewe muda.*

"Akasema nini?"

"'Mlete. Usimwambie kitu. Nataka aje kama alivyo.' Akaniapisha."

"Wiki tatu!" Mwalimu alisimama. "Wiki tatu umelala na jambo hili, umenizungusha siku nne, tumekula, tumecheka, unanipeleka kwa mama yako nimefumba macho! Na leo asubuhi nafungua mdomo wangu mbele ya watu, mbona hukunikanyaga mguu chini ya meza?"

"Nilikukanyaga. Ukaniomba radhi, ukaendelea."

Siku nyingine wangelicheka mpaka waangukiane. Mwalimu alimwacha pale juu ya kitanda cha maharusi, akaondoka.

Alitembea mpaka mwisho wa mtaa bila kuona mlango hata mmoja kati ya milango mia iliyosimama kando ya njia. Ng'ambo ya barabara basi la kwenda kwao lilikuwa linaunguruma, na mpiga debe alimwona kwa mbali akamwita kama anayemjua: "Mama! Njoo, moja tu, dirishani! Tunaondoka!" Kiti kimoja. Angekuwa nyumbani saa kumi na moja. Angefunga mlango, angezima simu, na kesho angemfundisha mtu mwingine kupanga gia, na Fundi angetafutiwa msichana wa miaka ishirini na tano asiyejua hata pipa limesimama vipi.

Alivuka barabara. Aliweka mguu kwenye ngazi ya basi.

Kilichomrudisha hakikuwa ushujaa. Palikuwa na jambo juu ya siku za yule mama ambalo kisa chake hakikuwa nalo, na ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata mjomba. Chuoni kwao palikuwa na kanuni moja isiyotaniwa: kabla mwanafunzi hajagusa usukani, anasimamishwa hatua ishirini na tano kutoka kwenye gari, asome namba zake kwa sauti. Asiyeweza anapelekwa kwanza kwa daktari wa macho. Yule mama alipokuja siku ya kwanza, mtu mzima, mkunga mwenye heshima zake, amesimama katikati ya vijana wa miaka kumi na minane, Mwalimu aliona aibu kumsimamisha jua kali asomeshwe namba kama mtoto wa darasa la kwanza. Akamwamkia, akampigia alama ya vema, akamfungulia mlango wa gari. Somo la nne, mapipa yakaanguka. Na Mwalimu, aliyejua vizuri sana ni kitu gani alichokiruka, alipiga kelele uwanja mzima ukageuka.

"Mama, unapanda hupandi?" mpiga debe aliuliza.

"Sipandi. Nisamehe."

Fundi alikuwa amesimama kando ya gari, simu mkononi, uso umemshuka. Ilikuwa saa tisa na robo.

"Nimpigie," alisema haraka alipomwona. "Nitamwambia tairi limepasuka. Tutakwenda wiki ijayo, hasira zimepoa…"

"Hasira za miaka sita zitapoa wiki ijayo?"

"Basi tufanyeje? Mimi sitaki akudhalilishe. Na sitaki kumpoteza yeye. Niko katikati, Mwalimu, sijui hata nisimame wapi."

 Hapo ndipo hasira za Mwalimu zilipomtoka zote kwa pamoja, zikamwacha na woga mtupu, na mapenzi.

"Ukimdanganya mama yako leo kwa ajili yangu," alimwambia, "kesho utanidanganya mimi kwa ajili yake. Washa gari."

"Unakwenda kumwambia nini?"

"Sijui. Washa gari kabla sijarudi kwenye lile basi."

Safari ile ilikuwa ya dakika arobaini. Kila alama ya barabarani Mwalimu aliisoma kama hukumu. Fundi alimshika mkono kila barabara iliponyooka na kuuachia kila palipokuja kona, jinsi alivyofundishwa, na kila alipouachia Mwalimu alihisi baridi mpaka kwenye bega.

Nyumba ilikuwa ndogo, safi, mlango umepakwa rangi upya. Sebuleni mapazia yalikuwa yamepigwa pasi. Ukutani vilining'inia vyeti viwili vya ukunga ndani ya fremu, na katikati yake saa iliyoonyesha saa kumi kasoro dakika tano. Mezani hapakuwa na kikombe wala sahani. Palikuwa na kadi moja ya rangi ya maziwa, imekunjwa mara mbili na kukunjuliwa mara nyingi.

Mama alikaa katikati ya kochi la watu watatu. Alikuwa mfupi kuliko Mwalimu alivyomkumbuka, na alivaa miwani minene iliyomkuza macho.

"Shikamoo, Mama."

Mama aliitazama kwanza saa ya ukutani. "Marahaba," mama alisema mwishowe, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu. Hakumwambia akae. Fundi alitaka kuvuta kiti, mama akamzuia kwa macho tu.

"Amekwambia?" alimwuliza Mwalimu.

"Ameniambia, Mama. Leo."

"Nilijua hataweza." Hakuonekana amekasirika, na hilo lilitisha zaidi. "Unaiona kadi hiyo? Isome. Kwa sauti. Sauti unayo."

"Mama, tafadhali…" Fundi alianza.

"Sikukuita wewe."

Mwalimu aliiokota.  "Hana akili ya barabara," alisoma. "Asipotezewe muda."

"Unajua kwa nini nilitaka kujifunza gari? Wajawazito walikuwa wananiita usiku, nami nakaa barazani na mkoba wangu nasubiri mtu aamshwe, atafutwe dereva. Nikasema nitajiendesha mwenyewe. Nikawa napanda basi saa nzima kuja kwenu. Uliponiandikia hivyo, niliamini. Mtu amesomea kazi yake, kasema sina akili, basi sina. Nikaanza kujichunguza. Uzi haupiti kwenye sindano, nasema ni akili. Namwaga dawa, akili. Nikaona nitamwua mtoto wa mtu. Mwaka ule ule nikaacha ukunga. Sikuacha kwa magoti."

Mwalimu alikuwa amejiandaa kutukanwa. Alikuwa amejiandaa kwa umri, kwa talaka, kwa mlango kufungwa usoni. Hili hakulitarajia. Alipiga magoti pale pale kwenye zulia.

"Mama, akili ulikuwa nayo," alisema. "Macho ndiyo yalikuwa hayaoni, nami ndiye niliyepaswa kujua. Kila mwanafunzi tunampima siku ya kwanza, tunamsomesha namba ya gari kwa mbali. Wewe sikukupima. Niliona haya kumsimamisha mtu mzima mbele ya vijana. Nikakuandikia umefaulu. Ulipogonga yale mapipa nilijua saa ile ile kosa ni la nani. Nikapiga kelele ili mtu mwingine asijue. Na miaka sita nimekuwa nikisimulia watu, wanacheka. Leo asubuhi pia. Hata leo asubuhi, Mama."

Alilia hapo, bila kujificha, pua na macho. Hakumtazama Fundi. Kama wakati ule angeambiwa aondoke na asimwone tena yule mwanamume, angeinuka akaondoka, na angeona amestahili.

Mama alivua miwani, akaipangusa na pindo la nguo, akaivaa tena. Alichukua muda mrefu kwa kazi ndogo kama ile.

"Sijakusamehe," alisema. "Sitaki nikudanganye. Lakini umesema, tena bila kubanwa. Miaka yote hiyo nilikuwa nataka mtu mmoja tu aniambie haikuwa akili." Kisha akamgeukia mwanawe, na sauti yake ikabadilika kabisa. "Nawe? Wewe una la kusema?"

"Mimi, Mama?"

"Wewe. Huyu alikuwa mgeni. Alinijua masomo manne. Wewe ulikuwa unalala chumba kile pale. Ulikuwa unarudi jioni na vumbi la vioo mikononi, unanihadithia leo umemtengenezea mzee fulani miwani, leo umemtengenezea mtoto wa fulani. Mimi nakutilia chai nje ya kikombe, inamwagika mpaka mapajani kwako, na wewe unacheka: 'Mama, unazeeka.' Miaka miwili! Mpaka daktari mpitaji pale zahanati akanishika kidevu akaniambia, 'Mama, wewe huoni, huna mtu nyumbani?' Nikasema sina."

Fundi alikiachia kile kiti. 

"Ulisema huna mtu?"

"Niseme nina mwana anayesaga miwani? Nikuaibishe?"

"Mama…" Alikuja akapiga magoti kando ya Mwalimu, mtu mzima na miaka yake thelathini na tatu, akaweka uso kwenye mapaja ya mama yake. Mabega yalimtikisika. "Mbona hukuniambia? Mbona hukusema siku zote hizi? Nilidhani unamchukia yeye."

"Ni rahisi kumchukia mtu usiyemzaa," mama alisema. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kichwa cha mwanawe, ukakaa hapo. "Nilikuwa nasubiri unione."

 Nje mtu alipita na baiskeli, kengele ikalia mara mbili. Mwalimu aliona hana kazi tena pale. Alitaka kuinuka taratibu awaachie sebule yao. Mama alimwona.

"Unakwenda wapi? Sijamaliza na wewe."

"Abee, Mama."

"Nimemzaa huyu, namjua. Ana moyo mzuri, ana mikono mizuri. Lakini aliishi na mimi nyumba moja, kutwa anatazama macho ya watu, asiyaone yangu. Sasa unataka kuolewa naye. Siku utakapokuwa na lako linalokuuma, naye amekaa hapo anakunywa chai anacheka, utamfanyaje akuone?"

Mwalimu alimtazama Fundi, kichwa chini, sikio moja limebanwa kwenye mapaja ya mama yake, jicho moja jekundu likimtazama yeye kwa hofu ya mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Majibu mazuri yote aliyokuwa ameyapanga siku nne nzima, ya uvumilivu, ya heshima, ya kumtunza mume, hakuna hata moja lililokuja.

"Nitamfokea, Mama."

Mama alimtazama kwa yale macho yake makubwa. Pembe ya mdomo ilimcheza, akaikaza, ikamshinda.

"Hiyo naijua unaiweza," alisema, akasogea pembeni ya kochi, akampisha akae.